Bunduki ya Nguruwe na Kilicho Nyuma Yake

Kila kijana aliyepangiwa kituo chetu cha wanyamapori aliniuliza swali moja kabla hata hajaonyeshwa choo kilipo: "Mzee, nguruwe wa huku anapigwa kwa bunduki gani?" Anauliza macho yakimng'aa, maana chuoni wamemkaririsha namba za bunduki mpaka anaziota. Mimi nilikuwa namwambia tutaongea baadaye. Sasa nimestaafu. Niliagwa kwa soda, keki na hotuba ya bwana mmoja aliyekosea jina langu mara zote alizolitaja, kwa hiyo muda wa kujibu ninao. Habari za vyeo na mishahara msizitafute humu. Naandika habari za bunduki, za nguruwe, na za mtu aliyenifundisha kazi, na nawaambia mapema kwamba haziishii vizuri.

Niliingia kazini miaka ya ruksa, biashara huria ilipokuwa ndiyo inaanza, nikapelekwa Rombo, kwenye kituo kidogo juu ya mji wa Mkuu, karibu kabisa na Nusu Maili. Kwa mgeni, Nusu Maili ni ule ukanda wa msitu ulio kati ya vihamba, yaani migomba ya watu yenye nyumba zao ndani, na msitu mkubwa wa mlima. Akina mama hukata humo majani ya ng'ombe na kuokota kuni. Nguruwe pori nao hulala humo mchana, jua likishuka wanateremka kula viazi na magimbi ya watu. Mimi ni mtu wa Old Moshi. Kichagga changu na cha Rombo vinapungiana mikono kwa mbali tu, kwa hiyo tulielewana kwa Kiswahili, na wao wakaniita Bwana Nyama kama walivyowaita wote walionitangulia.

Siku ya kwanza nilimkuta askari wetu mkongwe, Mzee Lukas, amekaa kwenye kigoda nje ya stoo anasafisha mtutu kwa kipande cha fulana. Kila mtu alimwita Meku, yaani mzee. Nilimpa shikamoo.

"Marahaba. Umekula?"

Nikasema bado.

"Kale kwanza. Bunduki haina miguu."

Mkewe, Mama Felista, akanipa bakuli la mtori. Kihamba chao kilikuwa chini ya kituo, ng'ambo ya mfongo, ule mfereji unaoteremsha maji kutoka mlimani, na tangu siku ile nilikula kwao mara nyingi kuliko kwangu. Nilipomaliza, Meku akanifungulia stoo. Mlikuwa na bunduki tatu. Ya kwanza ni 458, ya tembo, risasi yake nene kama kidole gumba. Ya pili ni 375, ya nyati. Ya tatu ni ya marisau, zile chembe za risasi zinazotawanyika, kuukuu, kitako chake kimefungwa waya. Akaniuliza nikiitwa kwenye shamba la viazi nitachukua ipi. Nikajibu bila kufikiri, 375.

"Kwa nini?"

"Nguruwe dume ana ngozi ngumu begani, Meku. Hii inapita."

"Inapita," akasema. "Ikishapita inaenda wapi?"

Akachukua panga, tukatoka mpaka kwenye migomba yake. Akalichomeka panga kwenye shina la mgomba, likazama lote bila yeye kutumia nguvu, akalichomoa likichuruzika maji. "Unafikiri hii ni ukuta?" akaniuliza. Kisha akanisimamisha palepale akaniambia nitazame kila upande, nimtajie ninachokiona. Niliona migomba. Akaniambia nitazame tena. Ndipo nikaanza kuona bati hapa, moshi wa jiko pale, kanga imeanikwa, mtoto kainama anachota maji. Vihamba vya Rombo vimebanana, kati ya nyumba na nyumba ni migomba na kahawa na mstari wa masale, yale majani marefu ya kuwekea mpaka, basi.

"Bunduki usiichague kwa kumtazama mnyama," akasema. "Huyo atakufa tu. Tazama kilicho nyuma yake, ndipo uchague."

Mengine alinifundisha kidogo kidogo, na hayo ndiyo nitawapa, myapime wenyewe. Nguruwe mpige yuko juu yako, mlima uko nyuma yake, risasi iingie udongoni. Ukimpiga aliye chini yako, nyuma yake iko Rombo yote mpaka mpakani. Bunduki ya marisau ndiyo rafiki wa kihamba, kwa sababu marisau huchoka upesi, lakini lazima umsogelee nguruwe mpaka umsikie anatafuna, na umlenge nyuma ya sikio. Ukimpiga begani kwa mbali umemkasirisha tu. Mwaka wangu wa pili nilifanya hivyohivyo. Dume akaingia kwenye mfongo akatungoja, akampasua mbwa, akamchana bwana mmoja shavu la mguu, na Meku ndiye aliyemmaliza. Njia nzima ya kurudi hakuniambia neno, na mimi nilitamani anitukane.

Zile mbili kubwa zilikuwa na risasi ngumu, za kupita mfupa wa tembo. Kwa nguruwe zinaingia huku zinatoka kule kama hazijakutana na kitu. Bunduki tuliyoihitaji ni ile 30-06, nyepesi, yenye risasi za ncha laini zinazopanuka ndani ya mnyama na kubaki humo. Meku alikuwa ameiomba kabla sijazaliwa kikazi. Alipostaafu nikairithi ile kazi ya kuomba, na kila tuliyemwomba alikubali kwa moyo mweupe kwamba tunaihitaji.

Kulikuwa na sheria moja ambayo hakuna chuo kinachoifundisha. Desemba bunduki zinafungiwa stoo. Mnajua kwetu Desemba ilivyo. Watoto wote wanapanda kutoka Dar, Arusha, Mwanza, hata wa Nairobi, nyumba iliyokuwa na bibi mmoja inalala watu kumi na tano. Enzi zake kazini, Meku alikaa na ufunguo mfukoni mwa koti lake, na hata mkuu wa kituo akiudai alijifanya hasikii.

"Miezi mingine najua kila mtu alipo," aliniambia. "Saa hizi Mama fulani anakata majani, mzee fulani yuko mfongoni. Desemba kila mgomba una mtu nyuma yake, na hata mama yake hajui kaenda wapi."

Ubaya ni kwamba nguruwe hawajui Krismasi. Viazi vya vuli vinakuwa ndiyo vinajaa.

Basi, ruksa ikashika kasi. Sokoni Mkuu kukajaa kila kitu, mitumba, redio, sabuni za rangi ambazo hata ua halina. Risasi za marisau zikaisha kituoni na hazikuja nyingine. Nilishuka Moshi kwa fundi mmoja Singasinga, mtu wa adabu, ambaye baba yake alikuwa anatutengenezea bunduki toka zamani. Akaitazama ile kuukuu, akaifungia springi mpya, akaniambia, "Bwana, kutengeneza nimetengeneza. Risasi sina, na wenzangu wote hawana." Nikamuuliza mbona madukani vitu vimejaa. Akasema vimejaa vile ambavyo sikuja kuvitafuta. Tukacheka, akaniagizia chai, nikapanda Rombo na bunduki nzima isiyo na kazi. Wenzangu pale kituoni walikuwa wamepunguzwa mmoja mmoja, nikabaki na 458, na 375, na mlinzi wa mchana anayelala.

Wakati huohuo kahawa ikaanguka bei mpaka watu wakaanza kuing'oa. Nililiona hilo kwa macho yangu, wazee waliokuwa wakiitunza mibuni kama watoto wao, sasa wanashika shoka kimyakimya. Sasa chakula kikategemea mashamba ya juu, yale yanayopakana na Nusu Maili, ambayo zamani yalikuwa ya ziada tu.

Shamba la juu kabisa lilikuwa la Mama Deo. Alikuwa mjane, mwembamba, mwenye ulimi. Mwanawe mkubwa, Deo, alikuwa Dar, na yeye alibaki na wajukuu watatu, watoto wa binti yake aliyefariki. Lile shamba ndilo lililowalisha. Kila jioni alikuwa huko na debe lake bovu analipiga kwa mti, na nguruwe walishalizoea lile debe, nadhani walilichukulia kama kengele ya chakula. Asubuhi unakuta matuta yamefumuliwa kama yamepitiwa na trekta, na yeye yuko katikati anaokota viazi vilivyong'atwa nusu.

Nilikwenda mara nyingi sana na 375. Nafasi nilizipata chache, nguruwe yuko juu yangu, udongo nyuma yake, njia ya wakata majani tupu. Nilizitumia, na kila aliyeanguka tulimgawana kijiji kizima. Lakini mara nyingi zaidi nilikaa tu. Nguruwe anachimba hatua chache kutoka nilipo, juu yake akina mama wanateremka na mizigo ya majani kichwani, chini yake moshi wa jiko la Meku unapanda kwenye migomba. Nashusha bunduki. Jioni moja Mama Deo akashindwa kuvumilia.

"Bwana Nyama, hiyo bunduki unaitembeza ipate hewa?"

"Pole, mama. Tazama kule chini. Jiko la Meku lile."

"Naliona. Nalijua kabla yako." Akalitupa debe chini. "Nikuulize, na usinidanganye. Wewe umeletwa kumlinda nani, mimi au nguruwe?"

"Nikipata bunduki ndogo, mama..."

"Bunduki ndogo. Mume wangu amekufa anaisikia hiyo bunduki ndogo."

Akainama akaendelea kuokota. Nikaweka bunduki kando nikainama naye, tukaokota mpaka giza. Nilirudi nimekata tamaa kabisa, na tangu jioni ile sikuwahi kuipata tena tamaa ya kazi niliyokuja nayo. Naliandika hili waziwazi kwa sababu vijana mnadhani kukata tamaa ni kitu cha siku moja. Unaamka nacho, unakwenda nacho kazini.

Mwaka uliofuata, wiki moja kabla ya Krismasi, Deo akapanda. Nataka mnielewe kuhusu Deo. Hakuwa mtu wa majivuno. Alikuja kituoni kwa miguu, akanipa shikamoo, akakaa, ndipo akafungua mfuko mrefu wa turubai. Ndani mlikuwa na 375, nzuri kuliko yangu, ina darubini, mbao yake inang'aa. Aliinunua kwa mzungu mmoja aliyekuwa akifunga kampuni ya uwindaji wa kitalii, na leseni yake ilikuwa halali kabisa.

"Mzee, nimeambiwa hii inamlaza nyati."

"Inamlaza. Huku kwetu kuna nyati?"

Akatabasamu. "Mama hali viazi, mzee. Mimi natuma vitu, lakini yeye anataka shamba lake. Nikimwambia ashuke tukae naye Dar hataki. Nifanyeje?"

Nikamwambia yote niliyofundishwa. Mgomba ni maji. Risasi hii haikai ndani ya nguruwe. Juu si chini. Nikamwambia na sheria ya Desemba, kwamba hata mimi nimefungia bunduki. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa upole, "Bwana Nyama, mimi nakuja Desemba tu. Likizo yangu ndiyo hiyo."

Mpaka leo sijapata jibu la kumpa. Mwaka mzima mwenye bunduki nzuri hayupo, na siku anazokuwepo ndizo siku ambazo mtu hapaswi kuigusa. Nilikwenda kwa mama yake siku hiyohiyo nikamsihi. Akasema, "Nimemwambia asiende. Lakini na wewe, Bwana Nyama, ni miaka mingapi nimekuambia?" Nikapitia kwa Meku. Nyumba imejaa wajukuu, Mama Felista anakoroga mbege, ile pombe yetu ya ndizi, Meku amevaa sweta jipya la zawadi. Akasema Deo ni mtoto msikivu, atasikia.

Asubuhi ya kesho yake ya Krismasi kulikuwa na ukungu. Ulipoanza kupanda, nguruwe mmoja dume alikuwa bado yuko shambani, amechelewa, anachimba. Deo alikuwa amekaa ukingoni kwa juu tangu alfajiri, amejifunga blanketi. Nililijua hilo baadaye. Mimi nilikuwa nanyoa ndevu nikausikia mlio mmoja, na nikajua si bunduki yangu kwa sababu ufunguo ulikuwa kwenye meza mbele yangu. Nikakimbia na povu usoni.

Nguruwe alikuwa amelala chali kwenye matuta, amekufa vizuri kabisa. Risasi ilimpita, ikapita migomba, ikafika mfongoni. Zamu ya maji siku ile ilikuwa ya Meku. Angeweza kumtuma mjukuu yeyote, nyumba ilikuwa imejaa vijana, lakini wamechoka na sherehe akawaacha walale, akaenda mwenyewe kufungua maji. Ilimpiga kwenye nyonga. Deo alikuwa ameshateremka, amepiga magoti ndani ya maji, amekibana kidonda kwa lile blanketi, anarudia, "Sikumwona, sikumwona." Nikamwambia nyamaza tubebe. Tulimlaza Meku nyuma ya pikapu ya Deo, kichwa mapajani mwangu, tukashuka mpaka Moshi.

Siku ya tatu hospitalini akapata nguvu ya kuongea. Niliinama nikidhani anataka kasisi.

"Namba gani?" akaniuliza.

"375, Meku."

"Alipiga anaelekea wapi?"

"Chini."

"Nguruwe alikufa?"

"Palepale."

"Basi bunduki ilikuwa nzuri," akasema. "Kihamba ndicho kidogo."

Mama Deo alikuja Jumapili. Alitembea toka stendi na jani la isale, lilelile la masale ya mpaka, mkononi, amelifunga fundo, amevaa kitenge chake cha kanisani. Mnajua isale kwetu. Ukiletewa kwa kuombwa msamaha huwezi kulirudisha, hata kama moyo haujakubali. Alipiga magoti pembeni ya kitanda, ule ulimi wake wote ulikuwa umekwisha. Meku akanyoosha mkono akalipokea. Akamwambia, "Simama, mama Deo. Sakafu ya baridi hii." Muuguzi mmoja, msichana wa mkoa mwingine, akataka kulitupa lile jani akidhani ni uchafu. Mama Felista akamzuia.

Mwishoni mwa Januari kidonda kikamshinda. Watu waliokuwa wamesharudi mijini wakapanda tena kuzika. Nilibeba upande mmoja wa jeneza, na sikuweza kuimba.

Mahakama haipokei isale. Deo alifungwa, na alipotoka alikwenda Dar moja kwa moja. Hakuna Desemba aliyoonekana tena Rombo. Mama Deo hakupanda tena shambani, hata kuchungulia. Wajukuu walichukuliwa na ndugu, yeye akahamia Moshi kwa mdogo wake, akafia huko. Wenye mashamba ya jirani nao wakachoka, maana sasa nguruwe wote walishukia kwao. Wengine wakapanda miti ya mbao, wengine wakaacha. Na chini, kwenye vihamba, wazee waliondoka mmoja baada ya mwingine. Watoto wao hawakusahau nyumbani, hapana. Wamejenga nyumba za vigae, zenye geti na taa za ukutani, zimefungwa kuanzia Januari mpaka Desemba.

Mwaka wangu wa mwisho kazini, 30-06 ikaja. Mpya, kwenye sanduku lake, na risasi za ncha laini, kadiri nilivyotaka. Nilifunga mlango wa stoo nikaifungua peke yangu. Ilikuwa inanukia mafuta. Nikaketi kwenye kile kigoda cha Meku nikalia kama mtoto, na aliyekuwa nje nadhani alinisikia, maana hakuna aliyebisha hodi.

Wiki ile nikapanda nayo mpaka shambani kwa Mama Deo pamoja na Neema, askari wetu mpya, binti makini. Ni magugu na masale tu, masale hayafi. Jua lilikuwa linashuka. Dume mkubwa akatoka Nusu Maili bila haraka, akapita mbele yetu akasimama chini yetu, ubavu wazi. Nikainua bunduki, kisha nikafanya nilivyofundishwa, nikatazama nyuma yake. Mfongo umejaa matope, hauna maji. Jiko la Meku limeanguka. Mama Felista alishazikwa pale ubavuni kwa mumewe. Nilitafuta moshi, kanga, mtoto. Nilitafuta muda mrefu.

Neema akanisogelea sikioni. "Piga tu, mzee. Nyuma hakuna mtu."

Alikuwa anasema kweli. Nikampa yeye bunduki, nikageuka nikaanza kuteremka, na mlio ukanikuta njiani.

Kwa hiyo mlioniuliza, jibu ndilo hilo. Nguruwe wa huku siku hizi mpigeni kwa yoyote. Hata ile ya tembo.